Nne, Nne, Mbili: Historia ya Kaunta ya Dawa Mbinga

Kabla ya mwaka 2001, mtu mzima aliyeshikwa na homa hapa Mbinga hakuhitaji kuandikiwa chochote. Dozi alikuwa nayo kichwani: nne leo, nne kesho, mbili keshokutwa. Vidonge kumi vya klorokwini, siku tatu, basi. Bibi asiyejua kusoma aliijua hesabu hiyo, mchuuzi wa sokoni aliijua, na watoto wa shule ya msingi waliijua kabla hawajamaliza jedwali la kuzidisha. Mtu alifika dukani akaweka hela mezani na kusema, "Nipe nne-nne-mbili," nasi tukajua tumpe nini.

Nauza dawa katika mji huu tangu 1994. Nilianza kama muuguzi msaidizi aliyeajiriwa kwenye duka la dawa baridi, baadaye nikawa mtoa dawa mwenye cheti katika duka la dawa muhimu. Nasoma sana habari za tiba za nchi yetu, na karibu zote zimeandikwa kutoka upande wa hospitali: nani alijenga wodi, daktari gani alikuja, chanjo ipi ilifika mwaka gani. Dukani waandishi hao hawafiki. Wakati huohuo, mwananchi wa kawaida akiumwa kichwa, akiharisha au mtoto wake akikohoa, kwanza anakwenda dukani. Hospitali ni safari, dukani ni hatua chache. Ndiyo maana nataka kueleza kaunta yetu imetoka wapi, maana humo ndimo usalama wa dawa ulimopotea na ndimo ulimopatikana tena.

Nianze na kopo. Klorokwini ilikuja kwenye makopo ya vidonge 1,000. Ukifungua kifuniko unakuta pamba imeshindiliwa juu. Ukiitoa, uchungu wa dawa unakupanda puani kabla hujagusa kidonge. Tulimwaga kiasi kwenye trei, tukahesabu kwa kisu cha mezani, vitano vitano, ukivisukuma kutoka upande huu kwenda upande ule. Vibahasha vya dawa havikuwepo siku zote. Vikiisha, tulifunga vidonge kwenye ukurasa wa daftari au kipande cha gazeti, tukakunja pembe zote, na nje tukaandika kwa kalamu: 4, 4, 2. Vumbi jeupe lilibaki kwenye trei, na juu ya vumbi hilo tukahesabu dawa ya mteja aliyefuata.

Sasa fikiria kile alichokwenda nacho nyumbani. Kidonge cheupe ndani ya karatasi isiyo na jina la dawa, isiyo na tarehe ya kuisha, isiyo na jina la kiwanda. Klorokwini ilikuwa nyeupe, aspirini nyeupe, parasetamoli nyeupe. Mama akiweka karatasi tatu juu ya kabati, baada ya wiki mbili hakuna mtu ndani ya nyumba anayejua ipi ni ipi. Nimeshika mkononi mwangu karatasi ya namna hiyo ikiletwa na baba mmoja wa Kitanda aliyetaka nimwambie kama vidonge vilivyobaki anaweza kumpa mtoto wa miaka miwili. Vidonge vilikuwa vya aina mbili vimechanganyika. Nilivitupa vyote mbele yake, nikampa syrup ya parasetamoli na kijiko chake, nikamwelekeza zahanati. Aliondoka amenuna kwa sababu ya hela iliyotupwa, na nilimwelewa.

Habari ya dawa ya homa kuuzwa na kugawiwa nchini kwetu ni ya zamani kuliko maduka yetu. Robert Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kuchunguza malaria, na kuanzia 1901 serikali ya Wajerumani ilikuwa ikiwapima damu wakazi wa mji huo na kuwanywesha kwinini kwa amri. Kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1902, kilipanda mikwinini, na Vita vya Kwanza vilipokata njia za meli dawa ikatengenezwa kutokana na magome ya miti hiyohiyo. Huku kusini Wabenediktini walikuwa wamefungua Peramiho mwaka 1898, na kwa miongo mingi mtu wa Songea au wa milima ya Umatengo aliyetaka dawa ya kizungu alielekea misheni. Babu yangu mzaa mama alikwenda manamba Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Alirudi akiwa na kwinini kwenye mfuko wa shati, na alikuwa akiiuza kidonge kimoja kimoja kwa majirani. Yeye kwangu ndiye muuza dawa wa kwanza katika ukoo wetu. Mama yangu, yeye, alinunua Aspro kwenye duka la Mhindi mjini, pamoja na chumvi, sabuni na mafuta ya taa, wala hakuna aliyemuuliza ni ya nani.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika kwa sheria zaidi kuliko kwa bidhaa. Mwaka 1977 tiba binafsi ya biashara ilipigwa marufuku. Mwaka 1978 ikapitishwa Sheria ya Dawa na Sumu, ambayo iliunda Bodi ya Famasi na kugawa dawa katika makundi. Famasi yenye mfamasia ingeuza zote. Maduka madogo yangepewa leseni ya kuuza sumu za Sehemu ya Pili tu, yaani dawa zisizohitaji cheti cha daktari: za maumivu, za kikohozi, za minyoo, za kiungulia, na klorokwini. Hayo ndiyo maduka ya dawa baridi.

Kisha ikaja miaka ya njaa ya bidhaa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark, zahanati zilikuwa zikipelekewa makasha ya dawa muhimu kila mwezi, na wauguzi wa wakati ule wanakumbuka furaha ya kulifungua kasha. Lakini kasha lilijazwa kwa hesabu moja kwa zahanati zote. Bondeni, kwenye mbu wengi, klorokwini iliisha kabla ya nusu ya mwezi. Juu milimani dawa ya kuhara ndiyo ilitangulia kuisha. Siku zilizobaki mgonjwa aliambiwa, "Dawa hakuna, kanunue." Akanunue wapi? Mwaka 1991 tiba binafsi ikaruhusiwa tena, mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza wagonjwa kuchangia gharama, na maduka ya dawa baridi yakaota kila penye kituo cha mabasi na kila penye soko.

Ndipo nilipoingia mimi. Duka lilikuwa chumba kimoja karibu na stendi, bati bila dari, rafu za mbao, na kaunta iliyopakwa rangi ya bluu. Mchana bati lilichemka. Syrup za kikohozi zilibadilika rangi chupani, na kapsuli zilinatana kama peremende zilizoachwa juani. Leseni ilining'inia ukutani. Ilituruhusu dawa za Sehemu ya Pili tu, na rafuni ndizo zilizoonekana. Chini ya kaunta kulikuwa na boksi jingine.

Kila aliyefanya kazi hii miaka ya tisini anajua kilichokuwa ndani ya boksi lile: tetrasaiklini, ampisilini, kotrimoksazoli, Flagyl, na mara nyingine hata sindano. Wateja walizitaka. Waliziita "za rangi mbili" zile kapsuli, na walizitumia kwa kila jambo. Mtu alijikata na panga shambani, akafungua kapsuli na kumwaga unga kwenye kidonda. Binti aliyeumwa tumbo alikunywa mbili. Mama mjamzito alikunywa tetrasaiklini kwa sababu shangazi yake alipona nayo, na hakuna aliyemwambia kwamba dawa ile huharibu meno ya mtoto aliye tumboni, kwamba yataota na rangi ya kahawia isiyofutika.

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyeweka akiba yake yote kwenye chumba kile, na kituo cha afya kilipokosa dawa, waliokuwa wakigonga mlango wake usiku walikuwa jirani zake. Lakini mkaguzi alipotajwa tu kwamba ameonekana Songea, boksi lilibebwa na kijana kwenda kufichwa nyumbani, kwenye jua, kwenye kibebeo cha baiskeli. Hapo ndipo ninaposhika msimamo wangu, na sijaubadili hadi leo: marufuku isiyo na njia mbadala haikuondoa antibayotiki dukani. Iliziondoa machoni tu. Dawa iliyofichwa haiandikwi kwenye daftari, haikaguliwi tarehe, haiulizwi imetoka wapi, na muuzaji anaitoa haraka haraka bila maelezo, maana maelezo yanahitaji sauti.

Na kulikuwa na nusu dozi. Hapa Mbinga hela ni ya kahawa. Kuanzia Juni wakati wa mavuno mtu ananunua dozi kamili na anakuongezea soda. Kufikia Februari, mvua zikiwa kubwa na malaria imechachamaa, hela hakuna. Wakati wa mvua nilipata wateja wa namna hii kila siku:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe za rangi mbili. Mbili tu."

"Bibi, mbili hazitibu. Unaumwa nini?"

"Kifua. Nikipata hela nitarudi nichukue nyingine."

Hakurudi, kwa sababu kapsuli mbili zilimpa nafuu kidogo, au kwa sababu hela ilikwenda kwenye ada. Nilifundishwa uuguzi kwa kiasi cha kujua kwamba vidudu visivyouawa vyote hurudi vikiwa sugu. Lakini sikuwa na cheti cha kuuza ile dawa, sikuwa na mahali pa kumpeleka palipokuwa na dawa, na mwajiri wangu alihesabu mauzo kila jioni. Wauzaji wengi wa maduka jirani hawakuwa na hata mafunzo niliyokuwa nayo mimi. Mmoja alikuwa mke wa mwenye duka aliyemaliza darasa la saba, mwerevu sana, aliyejifunza dawa kwa kuangalia rangi za maboksi. Wateja walimwita dokta. Na mimi waliniita dokta.

Mwaka 2001 yalitokea mambo mawili kwa pamoja. La kwanza lilikuwa kubwa kwa kila nyumba: serikali iliiacha klorokwini. Vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea kiasi kwamba watoto walimeza dozi yote na homa ikarudi baada ya siku chache. Badala yake ikaja SP, ile ambayo watu waliijua kwa jina la Fansidar au Metakelfin: vidonge vitatu kwa mtu mzima, mara moja, umemaliza. Mtu angedhani wateja wangefurahi. Klorokwini ilikuwa chungu na iliwasha mwili. Wapo waliojikuna usiku kucha kwa miiko na magunzi, na tulikuwa tukiwauzia Piriton pamoja nayo. Hata hivyo waliililia. Klorokwini ilishusha homa upesi, SP haishushi homa kabisa. Mama alimpa mtoto SP asubuhi, jioni mwili bado unachemka, akasema dawa ya serikali haifanyi kazi. Ilibidi kila anayenunua SP aelezwe anunue na parasetamoli, na aelezwe kwa nini. Hakuna aliyetufundisha sisi wa dukani kueleza hivyo. Tuliambiana wenyewe kwa wenyewe. Mtaani watu wakasimuliana habari za ngozi kubabuka, na kwa muda wa mwaka mzima kulikuwa na familia zilizokuwa zikitafuta klorokwini ya magendo kana kwamba ni sukari ya miaka ya themanini.

La pili halikutangazwa sana. Wizara ya Afya na shirika la Management Sciences for Health, kwa fedha za Wakfu wa Bill na Melinda Gates, walipita kuchunguza maduka ya dawa baridi. Walikuta maduka hayo ni zaidi ya 4,600 Tanzania Bara, mengi kuliko vituo vya afya vya serikali. Famasi kamili hazikufika sehemu ya kumi ya idadi hiyo, na nyingi zilikuwa Dar es Salaam. Walituma watu wakajifanya wateja. Waliona antibayotiki zikiuzwa bila cheti, dawa zisizosajiliwa rafuni, na wauzaji wasiouliza swali hata moja. Yote tuliyajua. Tofauti ni kwamba safari hii waliokuja kuyaona hawakuja na kufuli.

Bodi ya Famasi, ambayo msajili wake Margareth Ndomondo-Sigonda baadaye aliongoza Mamlaka ya Chakula na Dawa ilipoanza Julai 2003, ilichagua jambo ambalo naliheshimu mpaka leo. Walikubali kwamba duka lipo, mtu anakwenda pale, na antibayotiki ziko chini ya kaunta. Basi wakasema: tufundishe muuzaji, tukarabati chumba, turuhusu kwa sheria orodha fupi ya dawa za cheti, halafu tumkague kwa alichofundishwa. Duka lipewe jina jipya, Duka la Dawa Muhimu. Mkoa wa majaribio ukawa wetu, Ruvuma: Songea, Mbinga, Tunduru, Namtumbo.

Nilikuwa katika mafunzo hayo. Yalidumu zaidi ya mwezi mmoja, na wenye maduka nao waliitwa siku chache kujifunza sheria na hesabu za biashara. Tulikaa darasani wanawake wengi, baadhi na watoto mgongoni, kila mmoja akiwa na miaka ya kazi nyuma yake na maswali ambayo hakuwahi kupata pa kuyauliza. Mkufunzi alitandika maboksi mezani, akatuambia tusome yote yaliyoandikwa, mpaka herufi ndogo za ubavuni. Kwa miaka karibu kumi nilikuwa nimesoma jina na bei tu. Pale nikajifunza kutafuta namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuisha, jina la kiambato lililo chini ya jina la biashara. Hilo la mwisho lilinifungua macho: maboksi matano yenye majina matano na picha tano tofauti, na ndani yote ni parasetamoli.

Tulifundishwa kuuliza kabla ya kutoa. Dawa ni ya nani? Ana umri gani, kilo ngapi? Ameanza lini kuumwa? Amekwisha kunywa nini? Kama ni mwanamke, ana mimba, ananyonyesha? Kuna dawa iliyowahi kumdhuru? Yanaonekana maswali mepesi. Ukisimama kaunta yenye foleni ya watu sita na mvua inanyesha, kuyauliza yote ni ujasiri, na mwanzoni wateja walikasirika. "Nimekuja kununua, sikuja polisi," aliniambia mzee mmoja. Baada ya miezi michache mzee yuleyule alikuwa akiyajibu kabla sijauliza, akianza na umri wa mjukuu.

Baadaye tulifundishwa pia kumtazama mtoto. Unamwambia mama afunue kifua cha mtoto, unahesabu pumzi kwa dakika nzima, saa mkononi. Mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja akifika 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, hiyo siyo mafua, hiyo inaweza kuwa nimonia. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea haamki vizuri, huyo humuuzii kitu ukamwacha arudi nyumbani. Unamwandikia fomu ya rufaa na unahakikisha anakwenda. Na mtoto anayeharisha anapewa chumvi-sukari ya pakiti na zinki, hapewi rangi mbili. Kwa jambo hili moja, ningelipa ada ya mafunzo mara mbili.

Duka nalo lilibadilika. Dari ilipigwa, sakafu ikasakafiwa, kabati lenye kufuli likanunuliwa kwa ajili ya dawa za cheti, na wenye maduka waliopungukiwa wakafunguliwa mlango wa mikopo NMB. Tulivaa makoti meupe. Boksi la chini ya kaunta likamwagwa juu ya meza mbele ya mkaguzi: zilizokwisha muda zikaandikwa na kuchukuliwa kuteketezwa, zilizo kwenye orodha, yaani amoksilini, kotrimoksazoli, doksisaiklini, erithromaisini, metronidazoli na nyinginezo chache, zikapanda kabatini zikiwa na jina na daftari lake. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha dawa zisizosajiliwa katika maduka ya mkoa wetu zilishuka kutoka asilimia 26 hadi 2. Kwa mtu aliyeliona boksi lile kwenye baiskeli, namba hiyo ina uzito. Kufikia 2013 mpango ulikuwa umefika mikoa yote ya Bara, na Uganda ilikuwa imeanza wa kwake kule Kibaale.

Kuna waliopinga, wakiwemo wafamasia waliosema mtu wa mafunzo ya wiki chache hapaswi kugusa antibayotiki. Nawaelewa, na wana haki ya kutuangalia kwa makini. Ila mfamasia alikuwa Dar es Salaam na mgonjwa alikuwa Mbamba Bay.

Mwishoni mwa 2006 malaria ilibadilishiwa dawa tena, ikaja dawa ya mseto. Hesabu mpya ikaingia mdomoni mwa watu: nne asubuhi, nne jioni, siku tatu, vidonge 24, na ya pili unaimeza saa nane baada ya ya kwanza. Ile ya saa nane iliwasumbua wengi, na bado inawasumbua. Lakini mseto ulikuja na kitu ambacho kwangu kilizidi dawa yenyewe: ulikuja kwenye pakiti yake. Dozi ya mtu mmoja, karatasi moja ya vidonge, picha za jua na mwezi, vyumba vya mtoto mdogo tofauti na vya mtu mzima. Huwezi kuhesabu kwa kisu. Huwezi kuuza mbili bila kuikata kwa mkasi, na ukiikata kila mtu anaona. Kufikia 2011, pakiti za bei nafuu zenye alama ya jani la kijani zilipofika madukani, bei iliyokuwa ikiwafukuza watu ikashuka, na kwa mara ya kwanza tangu nne-nne-mbili niliona watu wa mvua wakinunua dozi kamili ya dawa inayotibu.

Pakiti haikumaliza hatari zote. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba Metakelfin bandia imekutwa katika famasi 40 nchini, ikiwa na kiambato kisichotosha. Ilikuwa na boksi, ilikuwa na karatasi, ilikuwa na jina. Tangu wakati huo nimewafundisha wateja wangu kufanya ninachofanya mimi mzigo ukifika: kulinganisha namba ya toleo ya nje na ya ndani, kutazama kama maandishi yamepinda au yana makosa, kukataa kidonge kinachomeng'enyeka au chenye rangi isiyolingana na mwenzake, na kudai risiti. Risiti ndiyo inayoniwezesha kumrudia msambazaji. Mteja asiyechukua risiti nami namlazimisha. Dawa zinazouzwa kwenye mabasi na kwenye mnada, zikiwa zimepangwa juani juu ya turubai, sina la kusema isipokuwa msizinunue, hata kama boksi linafanana na langu.

Siku hizi wateja hawaji na karatasi ya daftari. Wanakuja na simu. Wananionyesha picha ya boksi iliyotumwa na kaka aliyeko Dar es Salaam: "Nataka hii." Mara nyingi ni azuma, ambayo ni antibayotiki, na mara nyingi ni kwa ajili ya mafua, ambayo azuma haiyagusi kabisa. Inauma kuona dawa nzuri ikienda njia ya klorokwini mbele ya macho yangu. Namwambia mteja hivyohivyo, bila kuficha, namkumbusha jinsi tulivyoipoteza ile, na wa umri wangu huelewa upesi. Vijana inabidi niwaeleze kwa kirefu. Wengine huondoka na dawa ya mafua, wengine huvuka barabara kujaribu duka jingine.

Kosa ninalokutana nalo zaidi kwa sasa linahusu dawa ambazo kila mtu anaziona salama. Mtu ana kichwa, mafua na maumivu ya mgongo. Asubuhi amemeza Panadol mbili, mchana amekunywa dawa ya mafua ambayo ndani ina parasetamoli, jioni jirani amempa kidonge cha mgongo chenye diklofenaki na parasetamoli pamoja. Kwa mtu mzima vidonge vinane vya miligramu 500 ndiyo mwisho kwa saa 24, na yeye anaweza kuvifikia bila kujua, ini lake likibeba mzigo. Mwingine ana vidonda vya tumbo na anameza diklofenaki kila siku baada ya kupalilia. Mwingine ameanza Flagyl na jioni ana msiba wenye pombe. Mwingine anataka aspirini ampe mtoto mwenye homa kwa kuwa yeye alilelewa nayo. Wote hawa hupatikana kwa swali moja tu: umekwisha kunywa nini leo? Nikiuliza, nawaomba watoe vyote mfukoni waviweke kaunta. Wengine wana dawa nne. Tunazisoma pamoja, jina la chini ya jina, na zile zinazorudiana naziweka kando.

Ninao wasichana wawili wanaojifunza kwangu sasa. Juzi mmoja wao alimwambia baba mwenye haraka asubiri, akamhesabia mtoto wake pumzi dakika nzima, akapata 58, akaandika fomu ya rufaa na kumtafutia bodaboda. Hakuuza kitu. Jioni nilipofunga hesabu nilimwandikia posho yake kama kawaida, na fomu ile nikaiweka kwenye faili pamoja na nyingine za mwezi huu, ili mkaguzi akija azione.